Jibu: Kuwapata wanamuziki wasiochezwa redioni

Ndugu yangu, umeuliza utawapataje wanamuziki wasiochezwa redioni, na kama inafaa kwenda peke yako kwenye onyesho la watu wachache. Inafaa sana, nenda.

Kwa Dar, anzia kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni. Ukivuka kwenda Unguja, ulizia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa 2002. Wanafunzi na walimu wake hupiga mbele ya hadhira ndogo, na ndiko alikopitia mwimbaji Siti Amina wa kundi la Siti & the Band. Kaa mbele kabisa, karibu na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Utaona vile vijiti vilivyobanwa kwa pete kwenye vidole vyake vya shahada, na utasikia kijiti kinavyokwaruza uzi kabla sauti haijafunguka. Kwenye tamasha kubwa spika zinameza yote hayo.

Ukiwa nyumbani, fuata lebo, yaani kampuni inayotoa muziki, usiishie kwenye wimbo mmoja. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, kutoka studio ya Mburahati. Soma majina ya waliotengeneza kila wimbo, kisha mtafute mmoja mmoja. Ukimpenda, nunua kazi yake.

Na kiingilio lipa, hata kama wa mlangoni ni rafiki yako. Bendi changa inarudi nyumbani kwa nauli hiyo. Wakimaliza, wasubiri wakikunja nyaya, uwaulize watapiga wapi tena na wao wenyewe wanamsikiliza nani.