Nabadili bei ya sukari, ya sabuni nayo inabadilika

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza programu ya Android kwa ajili ya duka la mama. Orodha ya bidhaa ina jina, idadi, kisanduku cha bei na jumla kwa kila mstari. Nikiandika bei mpya ya sukari kisha nikashuka chini, naikuta bei hiyohiyo kwenye sabuni. Tena kila nikibonyeza tarakimu moja, kibodi inajifunga. Natumia lugha ya Kotlin na RecyclerView, sehemu ya Android inayoonyesha orodha. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Natumaini mama hajaanza kuuza sabuni kwa bei ya sukari.

RecyclerView haitengenezi mstari mpya kwa kila bidhaa. Inatengeneza michache ya kujaza skrini na ya akiba kidogo, basi. Unaopotea juu unarudi chini umebeba bidhaa nyingine. Ni kama viti vya daladala: abiria akishuka Msamvu, mwingine anakalia palepale. Wewe unamtambua abiria kwa kiti chake.

Bila shaka TextWatcher, yaani msikilizaji wa kinachoandikwa kisandukuni, umeifunga ndani ya onBindViewHolder, inayoitwa kila mstari unapopewa bidhaa. Mstari huo ulibeba sabuni kwanza, ukapewa msikilizaji wa sabuni. Ulipogeuka kuwa wa sukari ukapewa wa pili, na wa kwanza hajafukuzwa. Sasa ukiandika bei, wote wawili wanaiandika. Mfunge msikilizaji mmoja tu, mara moja, kwenye onCreateViewHolder, mstari unapotengenezwa, na kila anapotaka kuandika aulize bindingAdapterPosition (nafasi ya mstari kwenye orodha) wakati huohuo. Akijibiwa NO_POSITION, yaani hakuna nafasi, anyamaze. Unapojaza kisanduku kwa setText pia mzime kwa muda, maana hajui kutofautisha kidole cha mama na maandishi yako mwenyewe.

Kibodi je? Nahisi unaita notifyDataSetChanged kwa kila tarakimu. Hiyo inaamuru orodha nzima ijazwe upya, na kisanduku kinachoandikwa kinapoteza umakini (focus), ndipo kibodi inajifunga. Hata notifyItemChanged(nafasi) peke yake haitoshi, kwa sababu uhuishaji wa kawaida unaweza kuleta mstari wa pili badala ya ule ulioshikwa. Ongeza kigezo cha pili cha kusema nini kimebadilika, yaani notifyItemChanged(nafasi, "jumla"), kisha andika onBindViewHolder yenye vigezo vitatu ibadilishe maandishi ya jumla tu. Bei usiiguse; iko mikononi mwa mwandishi.

Kuhifadhi kwenye Room, maktaba ya hifadhidata ya Android, ni rahisi: UPDATE bidhaa SET bei = :bei WHERE id = :id. Tumia id ya bidhaa, kamwe si nafasi yake kwenye orodha, kwa kuwa siku mama akipanga kwa alfabeti nafasi zote zinahama. Hifadhi kisanduku kinapoachwa, si kwa kila tarakimu. Na bei iwe Long (namba nzima), tafadhali. Sijui nani aliwafundisha vijana kuweka shilingi kwenye Double (namba ya desimali).

Ukihamia ListAdapter, inayotafuta yenyewe mistari iliyobadilika, baadaye, usibadilishe bei ndani ya kitu kilekile. Tengeneza nakala kwa copy() na upeleke orodha mpya, la sivyo DiffUtil, kilinganishi chake, italinganisha kitu na chenyewe, na mstari hautabadilika.