Kwa wanaoanza kliniki ya wajawazito: ulizia chumvi siku ya kwanza

Muuguzi au mkunga anayepangiwa kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza huzoea upesi kupima shinikizo la damu, wingi wa damu na kimo cha mimba, lakini suala la madini joto mara nyingi humalizwa kwa sentensi moja: "Mama, tumia chumvi yenye madini joto." Ningependa sana usiishie hapo. Mtoto aliye tumboni hawezi kujitengenezea homoni za tezi ya thairoidi, ambazo hutengenezwa kwa madini joto, kabla ya wiki ya 12 hivi, na tezi yake haifanyi kazi sawasawa mpaka mimba ikaribie wiki ya 20, kwa hiyo katika miezi ile ya mwanzo ubongo wake hukua kwa kutegemea homoni za mama yake. Mama anayeanza kliniki akiwa na miezi mitano ameshaupita muda huo. Ndiyo maana mazungumzo haya yawafikie pia wanaokuja kwa uzazi wa mpango na wanaoleta watoto chanjo, ambao huenda wakashika mimba kabla hujawaona tena.

Mimba huilazimisha tezi ya mama kutengeneza homoni zaidi, pengine kwa nusu ya kiwango cha kawaida, huku figo nazo zikipitisha madini joto mengi kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha, na 150 kwa mtu mzima mwingine. Upungufu mkubwa huweza kuharibu mimba, kumuua mtoto tumboni, au kumwacha na ulemavu wa akili ambao hakuna dawa itakayouondoa baadaye.

Usisubiri kuona rovu. Shingo huvimba baada ya upungufu kudumu, na mama mwenye shingo isiyo na uvimbe wowote anaweza kuwa na upungufu unaomdhuru mwanawe. Usidhani pia kwamba tatizo hili ni la milimani peke yake, kwa kuwa watafiti waliopima Zanzibar waliukuta upungufu Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari, ukiwa mkubwa kuliko Unguja. Maji ya bahari yanapokaushwa kuwa chumvi hayaachi madini joto ya kutosha. Ni lazima yaongezwe, na mzalishaji mdogo asiye na vifaa huweza kuuza chumvi isiyoongezwa chochote.

Kwa hiyo uliza: chumvi inanunuliwa wapi, ni ya pakiti au ya kupimiwa kwa kopo, inahifadhiwaje? Kituo kikiwa na kichupa cha dawa ya kupimia madini joto kwenye chumvi, mwombe mama alete chumvi kidogo ya nyumbani, uitandaze kwenye kijiko, udondoshe tone moja la dawa hiyo. Ikigeuka rangi ya buluu au zambarau, madini joto yamo. Isipobadilika, usimtangazie majibu bado. Vichupa vingi huja na kingine chenye asidi, kwa kuwa baadhi ya chumvi huzuia rangi isijitokeze, na tone la asidi likitangulia rangi huonekana. Kipimo hiki kinaonyesha kuwapo kwa madini joto kuliko kinavyoonyesha kiasi chake. Mshauri mama aifunike chumvi, aiweke mbali na unyevu na jua, na aitie chakula kinapokaribia kuiva.

Hapa pana hesabu ninayotaka uifanye mwenyewe. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo humpa mama mikrogramu 150 katika gramu 5, na gramu 5 ndicho kiwango ambacho mtu mzima hashauriwi kukizidisha kwa siku. Usimwambie kamwe aongeze chumvi, hasa shinikizo lake likiwa linapanda. Kinachopungua kufikia zile mikrogramu 250 kitoke kwenye samaki wa baharini, mayai na maziwa, au kwenye vidonge vya lishe ambavyo daktari ameviidhinisha, maana madini joto yakizidi mno nayo huvuruga tezi. Penye ugali wa muhogo mchungu kila siku, sisitiza muhogo ulowekwe na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa. Sumu yake ikibaki, mwili huigeuza kuwa kemikali inayozuia tezi kunyonya madini joto.

Mama ambaye tayari anatumia levothairoksini, dawa inayoziba pengo la homoni za tezi, mtazame kwa makini zaidi. Aonane na daktari mara tu mimba inapothibitika, asingoje tarehe yake ya kliniki, kwa sababu dozi kwa kawaida huhitaji kupandishwa mapema. Sisi wenyewe huweza kumharibia matibabu bila kukusudia tunapompa vidonge vya kuongeza damu pasipo kumweleza, kwa kuwa madini ya chuma hushikana na dawa ile tumboni isifyonzwe. Mwambie waziwazi, na umwandikie kwenye kadi: dawa ya tezi alfajiri kabla ya kula, kidonge cha damu yakishapita masaa manne au zaidi, wengi huona rahisi kukimeza usiku. Akishajifungua, dozi hurudishwa ilivyokuwa kabla ya mimba na damu hupimwa tena baada ya wiki sita hivi, kwa hiyo tarehe hiyo iandikwe kabla hajaondoka wodini.