Kwa mnaoanza kliniki ya presha na sukari

Wadogo zangu mlioripoti kazini hapa Pemba, kuna maneno mawili mtayasikia kila asubuhi, na mkono utawawasha kuyaandika kwenye daftari la mgonjwa kama yalivyo: "haya ni ya kurithi, kwetu sote tunayo" na "mawazo tu haya, daktari". Msiyapuuze, ila msiishie hapo. Mara nyingi urithi na mawazo vyote vimo kwenye ile namba mnayoisoma kwenye mashine.

Anzeni na ukoo. Ukiuliza "kwenu yupo mwenye sukari?" utajibiwa "tele", na hujapata kitu. Huku kwetu ami ni baba na mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, kwa hiyo ulizeni wazazi waliomzaa na ndugu wa tumbo moja, na umri walioanza kuugua. Mwenye mzazi au ndugu kama huyo aliye na kisukari aina ya 2, hatari yake huwa kubwa mara 2 hadi 3 kuliko asiye naye. Ulizeni pia kama wazazi wake ni watoto wa ndugu. Ni ndoa za kawaida kwetu, basi ulizeni bila kukunja uso.

Kwenye selimundu, maradhi ya kurithi ya chembe nyekundu za damu, chukueni muda. Presha na kisukari hubebwa na vinasaba vingi, kila kimoja kikisukuma kidogo. Selimundu ni hitilafu moja tu, kwenye kinasaba cha himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kilicho katika kromosomu ya 11. Aliyerithi nakala moja yenye hitilafu huishi na afya yake, tena hukingwa na malaria kali, ndiyo maana imeenea ukanda wetu huu. Aliyerithi mbili, moja kwa kila mzazi, ndiye anayeugua. Sasa mtamkuta mama kaja peke yake na mtoto analia miguu, na nyumbani mawifi wameshasema kaleta damu mbaya. Mwiteni na baba. Waelezeni wakiwa wamekaa benchi moja, kwamba kila mmoja katoa nusu yake. Na mkitaja "mmoja kati ya wanne", wengi huelewa kuwa akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala mojamoja yenye hitilafu, kila mimba ina asilimia 25 zake upya za mtoto kuugua.

Halafu mtaona ndugu wawili wa nyumba moja, wote wana selimundu, mmoja halazwi na mwengine hatoki wodini. Hapo ndipo maisha yanapoingia: baridi ya kipupwe, kiu, homa, uchovu, na msongo wa mawazo. Vijana wa skuli huja na maumivu mitihani ikikaribia. Kumwambia "usifikiri sana" ni kupoteza pumzi. Muulizeni analala saa ngapi, anakunywa maji kiasi gani, na dawa zake kazimeza lini. Anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari kabla mwezi haujaandama.

Msongo una njia yake mwilini. Mtu akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli. Moyo hukimbia, na ini huachia sukari kwenye damu. Kwa hiyo bi mkubwa aliyeshuka sasa hivi kwenye gari ya Micheweni, kasimama njia nzima na kapu mkononi, akisoma 178/104 msimkimbilie na dawa. Mkalisheni dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na asizungumze. Nanyi msizungumze, najua kwa Wapemba hilo ni gumu, habari za nyumbani zitasubiri. Pimeni tena. Ikishuka hadi 152/94 bado iko juu, na msimrudishe kwa kusema ni mawazo: ikiwa 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha. Na kabla ya kumlaumu babu yake, muulizeni papa wa chumvi anamla mara ngapi.

Yapo maradhi mawazo yanayosingiziwa. Vidonda vya tumbo ndiyo mfano mkubwa. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionesha kuwa vingi husababishwa na bakteria, Helicobacter pylori. Marshall aliwanywa mwenyewe mwaka 1984 akaugua tumbo, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mgonjwa wa tumbo apimwe bakteria, na akikutwa nao apewe antibayotiki. Kisha muulizeni dawa za maumivu anazonunua dukani. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo hata la mtu asiye na wazo lolote.