Kumpima macho mzee aliyeanza kusahau

Ndugu, umeuliza kama mama yako wa Kadutu, ambaye hakuwahi kusoma na ambaye siku hizi anasahau chakula motoni, anaweza kupimwa akili kwa kutazama mwendo wa macho. Nimefanya kazi ya uuguzi wa macho hapa Bukavu kwa miaka mingi, na jibu langu ni ndiyo, kwa masharti.

Kipimo cha kumbukumbu kinachotumika sana, kile cha mwaka 1975 chenye alama 30 kiitwacho MMSE, humtaka mtu asome, aandike sentensi na atoe saba kutoka 100 mfululizo. Inaniuma kuona mama aliyeendesha biashara sokoni maisha yake yote akipewa alama za chini kwa sababu tu hakuzoea kalamu.

Jaribio la macho alilolieleza mtafiti Hallett mwaka 1978 halihitaji herufi hata moja. Nukta ya mwanga hutokea upande mmoja, naye anayepimwa hutakiwa kutazama upande wa pili. Jicho lenyewe hutaka kurukia mwanga, kwa kawaida katika milisekunde 200 hivi, na kulizuia ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo. Watu wenye afya pia hukosea, lakini hujirekebisha mara moja; katika ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole, makosa huongezeka, na mengi hubaki bila kurekebishwa, jambo ambalo mimi hulizingatia kuliko kasi, kwa kuwa uzee peke yake huchelewesha jicho. Pasipo kamera, muuguzi huinua mikono miwili, akatikisa kidole kimoja na kumwomba mzee atazame mkono uliotulia. Maelekezo yatolewe kwa Mashi, lugha yake, tena polepole, akijaribu kwanza, la sivyo mtakuwa mnapima lugha.

Kabla ya hapo achunguzwe mtoto wa jicho na presha ya macho, na umwambie daktari kama anameza dawa za usingizi, kwani nazo hupunguza kasi ya macho. Akishindwa kutazama chini na kuanguka mara kwa mara, liseme wazi: huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine wa ubongo, uitwao PSP (progressive supranuclear palsy), ulioelezwa Toronto mwaka 1964.

Matokeo mabaya ya macho hayatoshi kumwita mgonjwa wa Alzheimer. Omba pia damu ipimwe tezi ya shingo na vitamini B12, maana usahaulifu unaotokana na upungufu wa homoni za tezi hiyo au wa vitamini hiyo una dawa.