Pamba inayochuja: achana na chumvi na siki

Ndugu, umesema kitambaa chako chekundu cha pamba kinachuja kila kikilowa, unataka kukiunga na cheupe, na umeshashauriwa kukiloweka kwenye chumvi na siki. Nashona nguo za rangi mchanganyiko, na kwa pamba sijaona hata kimoja kikifua dafu. Siki ina kazi yake wakati wa kutia rangi sufu, hariri au nailoni, maana rangi za nyuzi hizo hutaka asidi ili zishike. Chumvi nayo huwekwa kwenye maji ya rangi kuisukuma iingie kwenye pamba. Kitambaa kikishapakwa rangi na kuuzwa, chumvi ya beseni haigandishi kitu.

Mara nyingi kinachotoka ni rangi iliyozidi, ambayo haikushikana na uzi wala haikusuuzwa ikaisha. Basi itoe yote kabla hujagusa mkasi. Loweka kitambaa peke yake kwenye maji ya moto, kama nyuzi joto 60 hivi, chombo kikubwa, sabuni ya kutosha, kielee bila kubanana. Sabuni huishikilia rangi iliyotoka isirudi kwenye nguo. Maji yakikolea, mwaga uweke mengine. Mimi huendelea mpaka yabaki meupe, na hata hapo siamini: nakibana kikiwa kibichi juu ya kipande cheupe, naviacha hadi asubuhi. Cheupe kisipodoa, nakata.

Vipo visivyokoma, hasa vilivyotiwa zile rangi zinazoshika pamba kwa ulegevu. Kwa hivyo tafuta dawa ya kushikisha rangi kwa wauzaji wa rangi za vitambaa, uitumie baada ya kutoa ziada, si kabla. Ikishindikana, usikiunganishe na cheupe kabisa. Kishone peke yake na ukifue peke yake kwa maji baridi. (Jinzi ya nili ni habari nyingine: rangi yake hukaa juu juu ya uzi na hutoka hata kwa kusuguliwa ikiwa kavu.)

Na kama nguo imeshajidoa, usiianike, na pasi isiguse kabisa. Irudishe majini ikiwa bado mbichi, maji ya moto na sabuni nyingi, ilale humo usiku kucha, ukibadilisha maji kila yakikolea. Dawa ya klorini iweke mbali, itakula na ule wekundu unaotaka ubaki.