Habari za teknolojia zinazochosha ndizo zilizonilisha

Miaka miwili ya mwanzo ya ajira yangu ya usanidi wa programu za kompyuta, kila siku kabla sijagusa msimbo (maandishi ya programu) niliouacha jana yake, nilikuwa nimeshapitia habari kama ishirini hivi. Kuna lugha mpya ya kuandikia programu imetoka. Kuna kiunzi, yaani msingi wa kujengea programu, kimezinduliwa, na waliokizindua wanaapa kwamba kinakimbia mara kumi kuliko hicho tunachokitumia. Kuna mtu kaandika kwamba msanidi programu asiyejifunza kitu fulani mwaka huu ajihesabu yuko nje ya soko. Nikimaliza kusoma moyo unanidunda, na kazi iliyo mezani inaonekana kama nguo iliyopauka.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Kidonda changu nilikipata kupitia maktaba moja, yaani kifurushi cha msimbo uliotayarishwa na wengine, ya kutengeneza ripoti. Wiki ile ilikuwa inasifiwa kila kona. Nilisoma makala tatu za kuisifu, nikaishawishi timu nzima tuihamie, na sikufungua hata mara moja orodha ya hitilafu zilizoripotiwa na watumiaji wake. Mwaka haukuisha. Mtu mmoja aliyekuwa akiitunza peke yake alichoka, akaiacha. Lugha tunayotumia ikatoa toleo jipya, maktaba ikagoma, na wenzangu wawili wakatumia karibu miezi miwili kuing'oa kwenye mfumo. Kiongozi wa timu hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ulipoichagua, ulijua ni nani anaitunza?" Sikuwa na jibu, na swali lile halijanitoka hadi leo.

Ndiyo maana vijana wanaoanza kazi hii wakiniuliza wafuate habari gani, huwaambia waanze na zile zinazochosha: nini kinasitishwa, nini kimevunjika, na nani anabeba mzigo wa kukitunza kitu ambacho wengi wanakitegemea. Uzinduzi utakufikia hata usipoutafuta, kwa sababu kuna watu wanaolipwa kuutangaza. Kusitishwa kwa kitu hakuna mpiga debe.

Chukua Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Python. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na ile ya pili ilipangiwa kufika mwisho mwaka 2015, kisha tarehe ikasogezwa hadi 1 Januari 2020 ili watu wapate muda wa kuhama. Adobe nao walitangaza Julai 2017 kwamba Flash, programu yao ya kuonesha video na michezo kwenye tovuti, itaishia mwisho wa 2020. AngularJS, kiunzi cha kutengenezea tovuti, iliacha kuhudumiwa Desemba 2021. Vyote hivi viliagwa miaka kabla ya kuzikwa. Lakini kila tarehe ya namna hiyo inapokaribia wapo wanaoshtuka wiki ya mwisho, na wakishtuka wanamtafuta mtu aliyekwisha kuisoma ilani na kujua pa kuanzia.

Mimi nilikuwa mtu huyo mara moja, na mara hiyo moja ilibadilisha kazi yangu. Mfumo wetu ulitegemea huduma ya nje ya kutuma ujumbe kwa wateja. Wenye huduma walitangaza kwamba toleo la zamani la API yao, yaani njia ambayo programu yetu huitumia kuzungumza na yao, litazimwa baada ya miezi tisa. Barua pepe yao ilikwenda kwenye anwani ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua tena. Mimi nilikuwa nimeanza tabia ya kupitia kurasa za mabadiliko za huduma tunazozitegemea, nikaikuta ilani pale. Niliandika ukurasa mmoja tu: ni sehemu zipi za msimbo wetu zinaita API hiyo, kipi kitaharibika ikizimwa, na ninakadiria siku ngapi za kazi. Hakuna aliyeniagiza. Nikampelekea kiongozi wa timu, na baada ya siku mbili kazi ile ikawa yangu, pamoja na watu wawili wenye uzoefu kunizidi waliopangwa kunisaidia. Nafasi ile haikutangazwa popote. Isingeweza kutangazwa, kwa sababu kabla ya ukurasa ule hakuna aliyejua kwamba ipo.

Anayetafuta ajira au kazi za mkataba anaweza kutumia njia hiyohiyo. Nimeshakaa upande wa wanaouliza maswali kwenye usaili. Wengi huja wakiwa wamekariri orodha ya teknolojia mpya. Namkumbuka mwombaji mmoja aliyesoma nyaraka tulizoziweka hadharani kwa wasanidi wa nje, akatuuliza kwa upole kama tuna mpango na toleo la hifadhidata tulilolitaja humo, maana muda wake wa kuhudumiwa ulikuwa umebaki miezi michache. Alikuwa amesoma kurasa mbili tu, yetu na ya wenye hifadhidata, akazilinganisha. Tulimwajiri.

Habari za vitu vilivyovunjika zinahitaji utulivu zaidi, kwa sababu ndizo zinazoandikwa kwa kelele. Ijumaa ya tarehe 10 Desemba 2021 taarifa za Log4j zilikuwa zimesambaa kila mahali. Log4j ni maktaba ya Java inayoandika kumbukumbu za matukio ya programu. Udhaifu uliogunduliwa ulikuwa wa kutisha kweli: mshambuliaji alihitaji tu kuifanya programu iandike maneno fulani kwenye kumbukumbu zake, hata kupitia kisanduku cha kuingiza jina, na maktaba ingekwenda yenyewe kwenye seva ya mshambuliaji huyo kuchukua msimbo na kuuendesha. Ulipewa alama 10 kati ya 10 za ukali.

Vichwa vya habari vilituambia tuogope. Tulichokihitaji Jumamosi ile ni jibu la swali moja: tunaitumia wapi? Kwenye orodha yetu ya maktaba haikuonekana, kwa sababu hatukuwa tumeiomba sisi. Ilikuwa imejificha ndani ya maktaba nyingine, nazo ndani ya nyingine. Aliyetuokoa ni mwenzetu mkimya ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akihangaika kuuchora mti mzima wa vitegemezi vya mfumo wetu, yaani maktaba zote unazozitegemea, kazi ambayo wengi tuliona haina haraka. Halafu alituonya tusilale tukishapandisha toleo la 2.15.0 lililotolewa kuuziba udhaifu huo, kwa sababu alikuwa akifuata taarifa kutoka kwa wenye mradi wenyewe. Kweli, siku chache baadaye likaja 2.16.0, kisha 2.17.0, kila moja likiziba kilichobaki. Waliotosheka na habari ya Ijumaa walidhani wamemaliza.

Na kuna ile ya xz ya Machi 2024, ambayo huisimulia kila ninapopata mtu wa kunisikiliza. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki kutengeneza hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima utendaji wa mashine yake. Akaona kuingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Angeweza kuliacha. Alilifuatilia hadi akakuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya zana ya kubana mafaili iitwayo xz yamepandikizwa mlango wa siri, na aliyeupandikiza ni mshiriki aliyejenga imani kwa muda mrefu kwenye mradi uliokuwa umemwelemea mtunzaji wake. Swali la kiongozi wangu lilirudi tena: nani anaitunza? Freund hakuwa mtaalamu wa usalama kwa kazi yake ya kila siku. Alikuwa mtu asiyekubali nusu sekunde ipite bila maelezo, na tabia hiyo inajengeka kwa kuijua vizuri mashine unayoitumia leo, iwe mpya au ya zamani.

Akili mnemba siwezi kuiruka, maana tangu ChatGPT izinduliwe 30 Novemba 2022 nusu ya maswali ninayoulizwa ni hayo. Ninaitumia kila siku. Inaandika vizuri ule msimbo wa kawaida ulioandikwa mara elfu na watu wengine. Nimeshaikuta pia ikiita kipengele ambacho hakipo kwenye maktaba husika, kwa lugha ya kujiamini kabisa, na mwenzangu akapoteza mchana mzima akikitafuta. Habari zinazosema kwamba kazi yetu imekwisha sizikubali, na zinazosema hakuna kilichobadilika sizikubali vilevile. Ninachokiona kwa macho yangu ni hiki: kazi ndogo tuliyokuwa tukimpa mgeni wiki yake ya kwanza, ili azoee mfumo, sasa zana inaimaliza kabla ya mchana. Hilo linanisumbua kwa dhati, kwa sababu mimi nilijifunzia kwenye kazi zile. Kwa hiyo ukiwa mwanzoni, usiweke nguvu zako zote kwenye kuandika haraka. Jifunze kusoma msimbo usiouandika wewe, uueleze, na uoneshe makosa yaliyomo ndani yake. Sisi wenyewe sasa tunatumia muda mwingi kukagua kuliko kuandika, na wakaguzi wazuri ni wachache.

Mahali pazuri pa kujifunza kusoma msimbo wa wengine ni miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, na hapo ndipo penye nafasi ambazo hazikuulizi umesoma chuo gani. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwaingiza watu kwenye miradi hiyo, upo tangu 2005. Kwa miaka mingi ulikuwa wa wanafunzi peke yao, lakini kuanzia 2022 umefunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 18 au zaidi ambaye bado ni mgeni kwenye programu huria, na washiriki hulipwa posho. Outreachy, mpango mwingine wa namna hiyo, hufanyika mara mbili kwa mwaka, kwa mbali, kwa takriban miezi mitatu, kwa malipo ya dola 7,000 za Marekani, na inawalenga watu wanaokumbana na ubaguzi au walio wachache kwenye sekta ya teknolojia ya mahali wanakoishi.

Kosa la waombaji wengi ni kusubiri tangazo. Maombi ya Google Summer of Code kwa kawaida hupokelewa kati ya Machi na Aprili, na anayeonekana kwenye mradi kwa mara ya kwanza wiki hiyo anashindana na watu waliokuwepo tangu Novemba. Ingia mapema, na ingia kwa kitu kidogo chenye manufaa. Mchango wangu wa kwanza haukuwa na hata mstari mmoja wa msimbo. Mtu aliripoti hitilafu, mtunzaji akasema hawezi kuiona kwenye mashine yake, nami nikakaa usiku mmoja nikatafuta hatua nne zinazoileta kila mara, nikaziandika pale. Alinishukuru, akairekebisha siku iliyofuata, na tangu hapo maswali yangu yalijibiwa haraka. Usifanye kama waliojazana kwenye Hacktoberfest ya 2020, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, walipotuma mabadiliko yasiyo na maana kwenye miradi ya watu ili wapate fulana, hadi waandaaji wakalazimika kubadili utaratibu ili ihusishwe miradi iliyokubali kushiriki tu. Mtunzaji anayafuta mambo hayo akiwa ametoka kazini amechoka. Anakumbuka majina.

Neno moja la tahadhari kuhusu nafasi zinazokufuata zenyewe. Wadukuzi wamekuwa wakijifanya waajiri, wanamsifia msanidi, kisha wanamtumia mradi wa majaribio aupakue na kuuendesha kama sehemu ya usaili. Ndani yake kuna msimbo wa kuiba nywila na funguo zake. Kama humjui aliyekutumia, hakikisha kampuni kupitia anwani yake rasmi, na mradi uuendeshe kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza iliyotengwa ndani ya kompyuta yako, isiyo na kitu chako chochote. Hakathoni nazo, yale mashindano ya kutengeneza programu kwa muda mfupi, zisomee masharti kabla ya kujiandikisha, hasa kifungu cha nani atamiliki utakachokitengeneza.

Siku hizi habari nazisoma Jumatatu asubuhi, nusu saa, na siku nyingine nikijisikia. Kupitia RSS, njia ya kuletewa taarifa mpya za tovuti bila kuzitembelea, nimejiunga na kurasa za matoleo za vitu tisa ambavyo mfumo wetu hauwezi kuishi bila hivyo, pamoja na matangazo yao ya usalama. Kila tarehe ya kusitishwa naiandika kwenye faili moja ambalo timu nzima inaliona, na kando ya kila kitu naandika nani anakitunza na wako wangapi. Wiki hii faili lina tarehe nne. Ya karibu zaidi imebakiza wiki kumi na moja, na jana jioni nimeanza kuandika ule ukurasa mmoja. Mgeni wetu wa mwezi huu ameomba tuuandike pamoja.