Nina miaka 67, bado naweza kuasili mjukuu wangu?

SWALI: Habari dada. Mimi ni shosho, naishi Kayole na mjukuu wangu wa miaka 6. Mamake, binti yangu, alifariki kijana akiwa na mwaka mmoja, na babake alitoka akapotea, hajatuma hata shilingi. Sasa shule inataka cheti cha kuzaliwa na mimi nina kile kitabu cha kliniki tu. Jirani ananiambia nikienda kuuliza mambo ya kuasili watamchukua wampeleke hom ya watoto juu nimepita miaka 65. Silali dada, nisaidie.

JIBU: Shosho, pole sana, na usiogope. Hiyo 65 iko kwa Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, lakini ni ya watu wasio wa familia, jamaa wa damu haimfungi, kwa hivyo umri wako peke yake hauwezi kukunyima mtoto. Tena serikali ina mpango wa 2022 hadi 2032 wa kutoa watoto kwa mahom na kuwarudisha kwa familia, sasa wewe uko pale pale wanapotaka mtoto awe.

Cheti cha kuzaliwa kisingoje kesi ya kuasili. Usajili wa kuchelewa upo, beba hicho kitabu cha kliniki, cheti cha kifo cha mamake na barua ya chifu. Na mtu akikuitisha pesa ya chai, mwambie akupe risiti.

Halafu uende kwa afisa wa watoto wa subkaunti yako. Mwambie ukweli wote, hata ya babake, juu kuasili kunakata kabisa haki zake za mzazi na koti, yaani mahakama, itauliza ridhaa yake iko wapi. Ikionekana alimtelekeza mtoto, koti inaweza kuendelea bila yeye. Kuasili ukimaliza huyo kijana kisheria ni kama umemzaa, anakurithi sawa na watoto wako. Njia nyepesi ni kuomba koti ikufanye mlezi rasmi, hapo babake anabaki babake lakini wewe una karatasi ya kuonyesha shule na hospitali, na mimi kwa hali yako ningeanza na hiyo.

Kuna jambo moja shosho, linauma lakini lazima niseme. Keti na watoto wako wengine mapema mkubaliane nani atamshika huyu kijana siku haupo, na umwambie wakili aiandike.

Ukikwama piga 116, ni ya watoto, ni bure, hata usiku wanashika. Na hicho kitabu cha kliniki kitoe kopi leo.